Seli Tuliyoichora Mchangani

Mwaka ule upepo wa magharibi uliezua darasa letu, tukahamia kusomea kwenye maneaba, jengo la mikutano la kijiji. Mwalimu wa biolojia, Nei Teretia, alikuwa na hadubini moja tu, na lenzi yake ilikuwa imeota ukungu. Ukichungulia huoni ila weupe mtupu. Na mtihani ulikuwa umekaribia. Akasema kama hatuwezi kuiona seli, basi tutaingia ndani yake.

Akatupanga sakafuni. Waliokaa pembeni kwa duara ndio utando, wanaoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Katikati akamweka rafiki yangu Roiti.

"Wewe ndiye kiini. Maagizo yote yanatoka kwako."

Roiti hajakunja miguu vizuri, Ten Kaiea akaingia. Alikuwa mkubwa wa ukoo mmojawapo, na kwenye maneaba kila ukoo una mahali pake. Akamwangalia Bureieta, aliyekaa kwenye duara.

"Mwalimu, kijana huyu amekaa hapo kwa idhini ya nani?"

"Samahani mzee, huyo ni utando tu."

"Utando ana babu yake, na babu yake namjua. Wanakaa kule upande wa kusini."

Tuliinamisha vichwa tusionekane tunacheka. Nei Teretia hakubishana. Alikuwa mgeni, mtu wa kisiwa cha Butaritari, na mgeni hashindani na mwenye mahali. Aliomba radhi, akatutoa nje. Njiani alitangulia kwa haraka, tukajua limemuuma.

Maji yalikuwa yamekupwa. Alipofika ufukweni akavua kandambili, akachora kwa kisigino duara kubwa kwenye mchanga wenye majimaji. "Hapa hakuna ukoo wa mtu," alisema. "Ingieni. Hayo maji mnayoyakanyaga ndiyo ute wa seli."

Siku hiyo tulifanya kazi kwelikweli. Roiti alimnong'oneza agizo mwenzetu mmoja aliyekuwa tarishi wake, tarishi akatuletea sisi ribosomu, nasi tukasuka vikapu vya makuti kama tulivyoagizwa. Hivyo vikapu ndivyo protini zetu. Tebwana na wenzake, mitokondria, walikuwa wakifua nazi na kutulisha ili tupate nguvu. Kaobunang, mvivu kuliko wote, alipewa kazi ya lisosomu: kuokota makuti yaliyoharibika na kuyakatakata.

"Mwalimu, mitokondria hawana mapumziko?" Tebwana aliuliza huku jasho likimtiririka.

"Wanayo. Siku ukifa."

Kijiji kikaanza kukusanyika. Akina mama walituchagulia makuti mazuri, wakakosoa usukaji wetu. Mwisho akaja Ten Kaiea mwenyewe. Alipotaka kuvuka mstari, Bureieta alinyoosha mikono akamzuia.

"Samahani mzee. Unapita kwa idhini ya nani?"

Nilimwona Nei Teretia akifumba macho.

"Nikitaka kuingia natakiwa niwe nini?" mzee akauliza.

"Chakula kinapita," Bureieta alijibu, mikono bado ameinyoosha. "Sumu haipiti."

Ten Kaiea akageuka, akaenda zake. Tukajua tumekwisha. Lakini alirudi na chupa ya karewe, tembo tamu la mnazi lililogemwa asubuhi ile, halijachacha, akamwinulia Bureieta mbele ya uso.

"Sukari je?"

"Sukari pita, babu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee aliwagawia mitokondria karewe, akazunguka akiuliza kila mmoja kazi yake. Akasimama mbele ya Roiti. "Na wewe uliyekaa tu?"

"Mimi nahifadhi namna kila kitu kinavyotengenezwa, babu. Nikipotea mimi, hawa hawajui wasuke nini."

Mzee akakunja miguu. Akakaa kando yake, na hapo akabaki mpaka maji yalipoanza kujaa na kufuta mstari. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.

Wengi tulifaulu, na kufaulu kukatutawanya. Roiti alikwenda ng'ambo, Suva, Tebwana akaajiriwa melini, mimi nikahamia Tarawa, mji mkuu. Nei Teretia alirudi kwao mwaka uliofuata.

Nilikutana naye mara moja tu, uwanja wa ndege, nywele zake zimekuwa nyeupe. Tulishikana mikono tukaongea wote kwa pamoja. Aliniuliza habari za kila mmoja wetu kwa jina, na nusu yao sikujua waliko. Ndege yake ikaitwa, naye bado alikuwa anauliza.