Tulivyorushwa Kutafuta Gauni

Usiku wa jana niliota kikundi chetu cha akina mama wa mtaa kimepelekwa kutembezwa kwenye kituo cha kupima ndege na roketi. Kituo kilikuwa nyuma ya stendi ya Makambako, pale ambapo siku zote kuna mama anauza viazi, na wala hakuna aliyeshangaa.

Mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, sababu ya kuja, muda wa kuingia, muda wa kutoka. Na mbele yangu kwenye foleni ni nani? Mama Twilumba, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye sisemi naye mwezi wa pili sasa.

Aliniibia gauni. La kijani, lenye mikono ya puto, nililoshonewa kwa ajili ya Pasaka na sikulivaa hata mara moja. Siku lilipotoweka kambani, ni yeye peke yake aliyekuwa uani. Nikamwambia mbele ya watu, umelichukua wewe. Akasema hajalichukua. Nikamwambia basi limeota miguu. Tangu hapo salamu hakuna, na kusema kweli chai ya saa nne imekosa ladha kabisa, maana nilikuwa nainywa kwake.

Basi alipomaliza kuandika, sikutaka hata kuutazama mwandiko wake. Nikaandika jina langu, kwingine kote nikashusha vile vikwaruzo viwili vya "kama hapo juu", kama tunavyofanya wote, nikapita zangu.

"Mama Lukelo," kitabu kikaniita. "Umesoma hapo juu pameandikwa nini?"

"Kutembea," nikasema. Watu wote huandika kutembea.

"Pameandikwa: kurushwa angani, kutafuta gauni la jirani. Na wewe vivyo hivyo. Mtaambatana." Kikajifunga.

Mtembezaji wetu alikuwa pangaboi, feni la darini. Alikuwa na kitambulisho shingoni, mapanga matatu kichwani na swichi kifuani, namba moja mpaka tano. Ukimweka moja anaongea kama mchungaji kwenye msiba. Ukimweka tano huambulii kitu.

"Wengine mtaangalia," anasema. "Ninyi wawili mtapimwa. Roketi haibebi kitu ambacho hakijapimwa."

Namwambia nimekosea kujaza, tena nina maharage jikoni.

"Kitabu hakifutwi," anasema. "Halafu mwenzako muda wa kutoka ameuacha wazi. Na wewe kama hapo juu."

"Kwa hiyo hatutoki?"

"Mkilipata gauni, mtajaza. Msipolipata, hamtakuwa na cha kujaza."

Tunaingia chumba cha kwanza, chumba cha ukimya. Kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Wahandisi ni kuku sita wenye makoti meupe. Mgeni anatakiwa akae dakika kumi bila kutoa sauti, na hakuna aliyewahi kuweza. Mama Twilumba anatazama kulia, mimi kushoto. Dakika kumi zinapita. Ishirini. Mshale wa mashine unashuka mpaka sifuri, unapita sifuri, unaendelea kushuka.

Kuku wanapiga makofi. "Mmefanyia wapi mazoezi?"

"Nyumbani," tunajibu kwa pamoja, kisha kila mmoja anakasirika kwa kusema na mwenzake.

Chumba cha pili ni kirefu kama bomba, ndimo ndege hupulizwa upepo kuona kama zitapaa. Upepo mwenyewe amekaa kwenye stuli, anakunywa chai, na nusu yake inaishia ukutani. Ni yule yule wetu wa Makambako. Nilimjua kwa vumbi.

"Gauni la kijani," anasema kabla sijauliza. "Mikono ya puto. Nalikumbuka sana. Nimepima ndege nyingi humu, lakini sijaona mabawa yaliyoshonwa vile. Msalimie fundi."

"Ulilichukua wewe?"

"Mimi nilikuwa napita tu. Lenyewe likanifuata."

Uso ukaniwaka moto. Mama Twilumba hakunitazama. Alikuwa anafunga kilemba chake upya, taratibu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Ukaliacha wapi?" nikauliza.

"Hiyo ni siri ya kazi," anasema Upepo. "Pandeni mkaangalie."

Roketi yenyewe ni simtanki jeusi la maji la lita elfu moja, limewekewa viti viwili vya plastiki. Tunafungwa kanga kiunoni badala ya mikanda. Pangaboi sasa yuko namba nne, maneno yanakimbizana.

"Kuhesabu ni kwa zamu. Mmoja kumi, mwingine tisa. Mkinyamaza haliwaki."

"Kumi," anasema Mama Twilumba.

Kuku wanatazama saa zao. Kikundi kizima kinanitazama. Nina kiburi, sikatai, nimezaliwa nacho. Najiambia moyoni kwamba namba si maneno, na kumtajia mtu namba si kusema naye.

"Tisa," nikasema.

"Nane."

"Saba."

Sijui ilikuwaje. Tulianza kukimbiza kama watoto wanaoruka kamba, na tulipofika moja nilikuwa nimemshika mkono, nacheka mpaka machozi yananitoka. Simtanki likapaa.

Makambako yote ikawa ndogo, unaweza kuibeba kwenye sinia. Reli ile, stendi ile, watu wameinua nyuso kama wanaopiga picha ya arusi. Kilemba cha Mama Twilumba kikachomoka, kikaenda zake, naye akacheka hivyo hivyo kichwa wazi.

"Angalia paa lako," akasema.

"Usinisemeshe," nikajibu, kwa mazoea tu.

"Haya. Simtanki, mwambie aangalie paa lake."

Simtanki likaniambia.

Lilikuwa pale. Gauni la kijani juu ya mabati ya kijani, upande wa bafuni, mahali ambapo ukiwa chini ukuta unakukinga huoni kitu. Mikono imejaa hewa, linatupungia. Pembeni yake kuna kopo la rangi ambalo fundi aliyepaka mabati alilisahau.

"Mmechelewa," likasema gauni. "Pasaka imepita."

Nikageuka nimwambie jirani yangu lile neno. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini kitabu cha wageni kikaingia katikati yetu na kalamu yake. Muda wa kutoka. Mama Twilumba akaandika saa kumi na mbili na nusu. Mimi nikashusha vikwaruzo viwili, nikaamka.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili na nusu.

Sikunawa hata uso. Mtaani kwetu ngazi ni moja, na ni ya Mama Twilumba. Nilivuka ua na lile neno likiwa bado mdomoni, naogopa lisije likanirudi tumboni.

Sikugonga. Mlango ulikuwa wazi na yeye alikuwa amesimama kizingitini, kichwa wazi, ngazi begani.

"Mama Twilumba," nikasema. "Nisamehe. Nilikusingizia."

"Shika huku nyuma," akasema. "Na ukifika juu, angalia usije ukalipiga teke lile kopo la rangi."