Samaki Aliyekuja na Utumbo Wake

Pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, walimwita Mama Kisu, na si kwa ukali wake, ingawa ukali nao alikuwa nao. Kazi yake ilikuwa kupasua samaki, na mvuvi aliyempelekea samaki hakuweza kumficha alikotoka. Akikuta uduvi tumboni mwa sangara, alijua mtu kaenda kilindini. Akikuta furu, wale samaki wadogo wa mawe, alijua katega kwenye miamba. Akikuta sangara mdogo ndani ya sangara mkubwa, alicheka na kusema ziwani kuna njaa, ndugu wameanza kulana. Wavuvi walimwomba afunge mdomo, naye aliufunga. Macho ndiyo hayakufungika. Udadisi ulikuwa ugonjwa wake, na hakuwahi kuutafutia dawa.

Sasa mtu wa namna hiyo aletewe na mume wake mwenyewe samaki wasio na matumbo!

Tangu mvua zilipokatika, mumewe alikuwa akirudi na sangara wa kutisha, wa kubebwa na wanaume wawili, lakini wote weupe ndani, wameshatolewa kila kitu na kuoshwa. Bondo, ule mfuko wa hewa unaogombewa na wanunuzi, alilileta limefungwa vizuri. Utumbo aliutupa majini.

"Nakupunguzia kazi, mke wangu," alisema.

Mama Kisu alimtazama juu mpaka chini. Mwanaume huyu tangu amwoe hajampunguzia hata sahani ya kuosha. Leo huruma imetoka wapi?

Aliyejitolea kumjibu ni Redio, mpasuaji wa meza ya jirani, ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Shoga, mi simo," alisema Redio, na hapo ujue yumo mzima mzima. "Lakini mwanaume anayeosha samaki kabla hajafika kwake, anaficha njia. Na njia ikifichwa, mwisho wake kuna mlango wa mtu. Kule ng'ambo si kuna mjane mmoja anapika vizuri?"

"Hebu nitokee hapa."

Alimfukuza Redio, lakini maneno hayakuondoka naye. Akaanza uchunguzi. Alinusa shati la mumewe, akakuta moshi wa kuni, wakati mvuvi hapiki mtumbwini. Alimwekea chakula, akaona anakidonoadonoa kama mtu aliyeshiba. Ameshiba wapi? Nani kampikia? Mama Kisu aliogopa. Alimpenda mwanaume yule, na alijijua: akishapata ukweli hataweza kujitia hamnazo, na ndoa itavunjikia hapo hapo.

Siku moja upepo ulichafua ziwa ghafla. Mitumbwi ilirudi mbiombio, na wa mumewe ukiwa nyuma kabisa, umejaa maji nusu. Yeye mwenyewe alilowa chapachapa. Ndani alilala sangara mmoja tu, tumbo limetuna. Mume hakupata nafasi ya kumtoa utumbo.

"Huyu nitampasua mwenyewe," mume alisema haraka.

"Kwenye meza yangu?" Kisu kilikuwa kimeshaingia.

Tumboni mlikuwa na kitu kimoja. Kambare mdogo, hajaanza hata kusagika, na ndoana bado imo mgongoni. Chambo. Lakini pale mwaloni hakuna aliyetumia kambare kwa chambo. Wote walitumia furu. Mama Kisu alimgeuza polepole. Kandokando ya kichwa, pale ambapo kambare huwa na miiba miwili mikali, miiba haikuwepo. Ilikuwa imekatwa.

Akakaa juu ya kreti.

Marehemu baba yake alishikilia kwamba sangara akichomwa na mwiba hutema, lakini kambare aliyekatwa miiba hushuka kooni bila matata. Aliwafundisha watoto wake wawili, nyuma ya jiko, na akawaonya wasimwambie mtu. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa mdogo wake wa kiume, anayekaa kule kwenye ghuba ya matete, ambaye hajasema naye tangu mwaka baba alipofariki. Yule bwana aliupasua mtumbwi wa baba akatengenezea vitanda bila kumwambia! Dada mtu alikwenda kumtembelea, akakalia kitanda, akaona rangi ya bluu ya mtumbwi kwenye miguu ya kitanda. Aliinuka na kuapa mbele ya watu kwamba hakuna kitu cha mkono wa yule kitakachoingia kinywani mwake tena.

Na tangu mvua zikatike, kumbe amekuwa akila samaki wa mkono ule ule na kulamba vidole.

Kwanza alishusha pumzi: hakuna mjane. Kisha hasira zikampanda hadi masikioni. Lakini kabla hazijafika mdomoni, macho yakarudi kwa kambare. Mwiba wa kushoto ulikatwa kwenye shina. Wa kulia uliachwa kipande kimechongoka.

"Nani anashika na nani anakata?" aliuliza.

Mumewe alikiri. "Shemeji anashika. Mimi nakata."

"Unakata vibaya."

"Ndiyo." Akainama. "Yeye tangu mwanzo alitaka nikuletee samaki mzima. Alisema, dada akifungua tumbo ataelewa. Mimi ndiye niliogopa. Kila nikifika ananiuliza, 'Amekuuliza kitu?' Namwambia bado. Ananipakulia chakula, tunakula kimya."

Mama Kisu aliosha meza, akaiosha tena, na ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Mumewe alipofika mtumbwini alimkuta mkewe ameshakaa, mkasi mapajani. Alishika kasia.

Kule ghubani mdogo wake alikuwa amechuchumaa kwenye ndoo ya kambare. Alipomwona dada yake alisimama, mikono ikichuruzika maji, hajui aiweke wapi. Nywele za pembeni zilikuwa zimegeuka nyeupe, na dada hakuwepo zilipokuwa zikigeuka. Hilo lilimuuma kuliko vitanda.

"Shikamoo, dada," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kuitikiwa.

Mama Kisu alikunja sketi na kuchuchumaa upande wa pili wa ndoo.

"Marahaba," alisema. "Mshike kichwa, asinichome."