Lori Ambalo Bitaga Hakulipanda

Bitaga alilileta lile lori kwetu mvua ikiwa imekatika kidogo, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa ndani yake. Kwenye usukani alikaa kijana mmoja wa bondeni, Erning, ambaye lugha yetu ya mlimani anaibabaisha tu. Bitaga alikuja nyuma kwa miguu, suruali imejaa tope mpaka magotini.

"Umekujaje, shemeji?" nikamuuliza.

"Nimepewa lifti kwenye lori la mboga, likanishusha hapo njia panda. Hili kichwa chake kina joto, linanichoma miguu."

Bitaga ni binamu wa marehemu mume wangu Bantas, na tangu utoto hajawahi kuona injini akaacha kuikalia. Siku ya harusi yetu alikwenda kukaa kwenye trekta la mgeni mmoja mpaka chakula kikapoa. Leo joto linamchoma miguu!

Lilikuwa lori la jeshi la Wamarekani, la yale waliyoyauza kwa mnada walipoyachoka, ambayo huku kwetu ndiyo hubeba kabichi kwenda sokoni Trinidad. Mwanangu Dagson alikuwa amelizunguka tayari, anapapasa matairi kama mtu anayechagua nyati wa kufugwa wa kulimia. Ndiye mtoto pekee niliyeachiwa na Mungu. Kama tungelinunua, yeye ndiye angekuwa analiendesha kwenye barabara ile yetu, ambayo upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni mawingu.

"Mama, umeona bodi yake? Litabeba shamba zima!"

Nililiona. Niliona pia rangi. Kijani kibichi, imepakwa mpaka kwenye nati, mpaka kwenye vichuchu vya kutilia grisi.

"Mbona limepakwa hivi?" nikasema.

"Si limepakwa rangi tu, Mama? Hata wewe unapaka nyumba kila Krismasi."

"Naipaka nifiche moshi."

Bitaga akacheka sana, akatema tambuu pembeni. "Mke wa Bantas huyu! Ukimletea malaika atamwangalia chini ya mbawa."

Siku ya pili Dagson na Erning walilijaribu mpaka kanisani na kurudi. Liliwaka vizuri, sikatai. Lilipokwisha kupita nikatoka na jembe langu, nikajifanya natengeneza mfereji, nikaangalia tope. Matairi ya nyuma hayakufuata ya mbele. Yalipita kando kidogo, upana wa kiganja, kama mbwa anavyokimbia kiuno kimekwenda upande. Jirani yetu naye ana lori la namna hiyo hiyo, la zamani kuliko hili. Nilikwenda kuangalia njia yake. Imenyooka.

Jioni niliyasema hayo tukiwa tunakula viazi na nyama ya moshi.

"Nyuma lina matairi mawili mawili, Mama," Dagson akasema, hata hakuinua macho. "Lazima alama ziwe pana."

"Pana najua. Nimesema zimekwenda kando."

"Barabara yenyewe ndiyo imepinda, shemeji," Bitaga akadakia. "Sasa lori lifanyeje, linyooke peke yake?"

Wote wakacheka. Erning pia alicheka, ingawa sidhani kama alielewa. Nilimwangalia yule kijana anavyokula haraka haraka, nikawaza, huyu naye ana mama yake huko bondeni.

Jumapili nilimsubiri Bitaga mlangoni mwa kanisa, rozari bado iko mkononi mwangu.

"Shemeji, niambie hapa, Padri akiwa anatuona. Lori hili limewahi kuanguka?"

"Haki ya Mungu, halijawahi." Aliweka mkono kifuani, wala hakupepesa macho. "Roho ya Bantas ndiyo imenituma nikuletee wewe kwanza. Watu wa Bokod wanalitaka."

Nilirudi nyumbani nimeumia. Hakikuniumiza kiapo chenyewe tu, kuliniumiza kule kuapa kirahisi. Halafu mchana ule ule mvua ikanyesha, kila mtu akakimbilia ndani ya lori, na Bitaga akabaki nje. Alisimama chini ya ukingo wa ghala langu, maji yanamchuruzika mgongoni, na mlango wa lori uko wazi hatua tatu mbele yake. Dagson alimwita: "Baba mdogo, njoo, utalowa!" Akajibu yuko sawa, anapenda mvua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu anaogopa kitu. Haniogopi mimi, Padri hamwogopi, na Mungu, nisamehewe, anadhani yuko mbali. Anamwogopa mwingine.

Nikamwambia, "Nitalinunua. Lakini tuchinje nguruwe kwanza, kama ilivyo desturi. Nitamwita Mzee Lamsis awaite wafu wetu."

Tambuu ilimkwama. "Wewe? Si mtu wa kanisa wewe, shemeji? Padri atasema nini?"

"Padri nitamjibu mimi."

Mimi sala za Mzee Lamsis siziitikii. Tangu nibatizwe, nguruwe wakichinjwa kwa ajili ya wazee wa zamani mimi hukaa jikoni na kukata vitunguu. Lakini siku ile nilitoka nikakaa uani, mbele ya watu. Nguruwe alikuwa amefungwa kando ya gurudumu la mbele. Mzee Lamsis alichuchumaa na bakuli la pombe ya mchele, akaita majina ya wafu wetu mmoja mmoja, mpaka akamfikia baba yake Bitaga, kisha mume wangu Bantas. Alipotaka kuchukua kisu nikasema:

"Mzee, hao uliowaita hawalijui lori hili. Aliyelileta awaambie limetoka wapi, na akina nani walilipanda."

Mzee Lamsis alinigeukia. Meno yake ni mawili tu lakini macho ni mazima. "Ni haki," akasema. "Wasije wakadhani ni mwizi kaingia uani." Akampa Bitaga bakuli.

Bitaga alilishika kwa mikono miwili. "Baba," akaanza, "na wewe Bantas. Lori hili lilitoka kambini kwa Wamarekani. Lilinunuliwa na mtu wa pwani akabebea mchanga. Kisha akalichukua mtu mmoja wa biashara ya mbao..." Akautupia jicho mlango wa lori.

"Wanakusikiliza," Mzee Lamsis akamwambia.

"Mtu wa mbao akalitumia vizuri."

"Muda wote? Mpaka analiuza?" Mzee akamuuliza.

Kuku walikuwa wanaparua, na hakuna aliyewafukuza. Dagson aliacha kutabasamu.

"Lilianguka," Bitaga akasema, sauti imekuwa ya mtoto. "Kwenye kona ya maporomoko. Dereva na mkewe. Tulilivuta kwa nyaya, tukainyoosha chasisi kwa moto, ikanyooka kiasi. Baba, sikuwaua mimi. Hawakuchinjiwa kitu, watu wao hawakujulikana. Kila nikishika mlango namsikia yule mwanamke."

Dagson aliondoka uani. Nilijua hasira yake ni juu yangu kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyemvunjia lori mbele ya watu. Na iwe.

Nguruwe alichinjwa, ila si kwa ajili ya lori. Mzee Lamsis aliwaita wale wawili wasio na majina waje wale, nami kando yake nikawasalia rozari yao, kila mtu kwa njia yake, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Bitaga akanisogelea, macho mekundu. "Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Erning. Hajaelewa yaliyosemwa. Nani tena atanishushia lori hili bondeni?"

Kweli, Erning hakuwa ameelewa. Alikuwa amepanda zamani, amelaza kichwa kwenye usukani, anasinzia huku akingoja nyama iive.

Nikachukua sahani ya kwanza, nikaenda nikagonga ule mlango wa kijani.

"Shuka, mwanangu," nikamwambia kwa lugha ya kwao. "Uje ule huku chini. Kuna jambo nitakueleza, na ukishalisikia utarudi kwenu kwa basi."