Ripoti ya Mapipa Matatu

Mwaka wa pili wa ukame nilikuwa na umri wa miaka sabini na sita, na ni mimi peke yangu katika wilaya yetu niliyekuwa na maoni kuhusu protini. Wengine walikuwa na maoni kuhusu mvua. Mimi, Hilmar Dreiss, nilimaliza sekondari nikiwa na miaka hamsini na minane, kwa masomo ya jioni, katika darasa ambalo viti vyake vilitengenezwa kwa makalio ya watoto. Tangu siku nilipokabidhiwa cheti sijaweza kusema jambo bila kutaja asilimia. Marehemu mke wangu akiniomba nimpe chumvi, nilimweleza kwanza mwili wa binadamu una chumvi kiasi gani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka kuichukua mwenyewe.

Basi Februari hiyo kulungu wetu walikuwa wamekonda. Shamba letu liko kwenye vilima vya Texas ya kati, mawe na mialoni tu, na kila Novemba watu sita kutoka Houston huja kuwinda madume wenye pembe kubwa. Tunaolitunza ni mimi na binti yangu Annelle. Alirudi nyumbani mama yake alipofariki. Yeye alisomea wanyama wa porini chuo kikuu, tena mchana, jambo ambalo sikuwahi kulihesabu kuwa sifa, kwa sababu mchana kila mtu yuko macho.

"Baba," aliniambia tukiwa tunakula mayai ya asubuhi, "shida si chakula. Kulungu ni wengi kuliko shamba. Tupunguze majike."

Niliweka uma chini. Nyumbani kwetu kusema vile ni kama kusema tuuze makaburi. Baba yangu aliishi ile miaka ya funza, nzi walipotaga kwenye vitovu vya watoto wa kulungu, funza wakawala, kulungu wakafa karibu wote. Alikuwa akisimulia jinsi alivyozunguka vilima hivi msimu mzima akaona kulungu saba, na wote saba aliwajua kwa sura. Waliporudi kuwa wengi aliapa kwamba kwenye ardhi ya akina Dreiss hapigwi jike. Mwindaji mmoja aliyekosea alifungishwa virago kabla ya chakula cha mchana, na alikuwa shemeji yake.

"Majike hawapigwi," nikasema. "Tatizo ni lishe. Nitachagua chakula cha nyongeza kwa njia ya kisayansi."

"Na ikishindikana?"

"Haitashindikana."

"Sikuuliza kama itashindikana, Baba. Nimeuliza ikishindikana."

Hapo tukawekeana sharti. Madume waliopigwa siku ya kwanza ya msimu uliopita walikuwa na wastani wa ratili mia moja na kumi na mbili baada ya kutolewa matumbo. Novemba ikifika na uzito umepanda, neno "majike" lisitajwe tena ndani ya nyumba ile maadamu mimi ni hai. Ukishuka, neno la mwisho kuhusu kulungu linakuwa lake. Tukapeana mikono juu ya mayai. Nilimwonea huruma kidogo, mtoto wa watu.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani kwa Odell Crenshaw, anayeuza vyakula vya mifugo. Tumejuana na Odell tangu tukivaa kaptura. Wazee kama wanne huwa wamekalia magunia pale asubuhi, wanakunywa kahawa yake na hawanunui kitu.

"Profesa huyo," Odell akawaambia. "Ficheni kalamu."

"Nataka kusoma lebo za vyakula vya kulungu."

"Kwani kulungu wako siku hizi wanasoma?"

"Ninawasomea."

Kulikuwa na mahindi, asilimia nane ya protini, ambayo kwa kulungu ni kama keki: wanayapenda na hayawajengi. Kulikuwa na vidonge, asilimia ishirini. Na kulikuwa na mbegu za pamba, nzima, na manyoya yake, asilimia ishirini na tatu, ambazo nguruwe mwitu hawazipendi. Kwetu mtu hanunui chakula cha mnyama bila kukitafuna, vinginevyo atasemwa hadi Pasaka. Nikatafuna punje ya mahindi, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Nikatafuna kidonge. Kilikuwa na ladha ya nyasi kavu na kamba. Nikatafuna mbegu ya pamba, nayo ikanasa kwenye meno yangu ya bandia kwa manyoya yake yote, ikabidi nigeukie ukuta.

"Hiyo iliyonasa ni asilimia ngapi?" Odell akauliza.

Nikanunua vyote vitatu.

Nilisimamisha mapipa matatu ya kulishia, kila moja na chakula chake. Nikayazungushia uzio mfupi, nguruwe asipite na kulungu aruke. Nikanunua daftari jipya. Kila asubuhi nilikaa kwenye kibanda cha kuvizia na darubini, nikiandika. Wiki tatu za kwanza niliandika kwamba kulungu wote wako kwenye pipa la mahindi, na kwenye yale mengine mawili hakuna hata ndege. Nilimwambia Annelle kwamba wanatafakari.

"Hawajui kama kile ni chakula," alisema. "Wachanganyie na mahindi kwanza, uyapunguze kidogo kidogo. Imo kwenye kitabu chako cha lishe ya kulungu."

Ilikuwamo kweli. Ilikuwa kwenye sura iitwayo "Kwa Wanaoanza", ambayo nilikuwa nimeiruka kwa kuwa sikujihesabu miongoni mwao.

Nikachanganya. Wakaja. Aprili nilihesabu kulungu thelathini na mmoja. Juni wakawa arobaini na wanane. Mwisho wa Septemba nilihesabu sitini na wanne, nikaandika ripoti ya kurasa kumi na moja yenye mchoro wa rangi tatu, nikaipeleka dukani na kuisoma mbele ya magunia. Mzee mmoja alisinzia kwenye utangulizi. Odell alisikiliza hadi jedwali la pili.

"Umesema sitini na wangapi?"

"Na wanne. Ongezeko la asilimia mia moja na sita."

"Hilmar, ndugu yangu, mimi tangu Juni kwangu sijaona hata mkia. Nilikuwa na jike mmoja mwenye sikio lililochanika, mwaka wa tatu huu namjua. Hujamwona huko?"

Nilifungua daftari. Ukurasa wa nne niliandika kwa mkono wangu: jike, sikio la kushoto limechanika, tabia njema.

"Huenda," nikasema.

"Msalimie."

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini njiani kurudi nilikuwa nimenyooka kwenye pikapu kama bwana harusi. Kulungu wa wilaya nzima walikuwa wameonja kwa jirani, wakaonja kwangu, wakachagua. Sikuona kwamba mwenye chungu kimoja akialika kijiji kizima hajaongeza chakula, ameongeza vinywa.

Annelle aliliona hilo. Oktoba akaniomba tutembee shambani, akanisimamisha katikati ya mialoni.

"Baba, tazama miti."

"Inapendeza," nikasema, na nilimaanisha. Miti yetu ilikuwa fahari yangu. Majani yake yote yalianzia kimo kimoja, mti hadi mti, ungedhani kinyozi amepita na rula. Wageni wa Houston niliwaambia kwamba miti hii haikatwi na mtu, imejilea yenyewe.

"Anayeikata ni nani?"

"Hakuna."

Akainua mkono hadi pale majani yalipoanzia. "Hiki ni kimo cha jike aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Chini ya hapa nionyeshe jani moja."

Nilitafuta. Nilizunguka mwaloni ule mara mbili, kisha nikaenda kwenye wa pili. Kulikuwa na vijiti vilivyotafunwa ncha, na mawe.

"Mapipa yako ni kitafunio, Baba. Mlo wao ni huu, na umekwisha."

Nilimweleza kuhusu asilimia ishirini na tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama mama yake, kisha akatangulia kurudi nyumbani.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba watu wa Houston walipiga madume wanne. Tukawatoa matumbo, tukawatundika mmoja mmoja kwenye mizani nyuma ya ghala. Niliandika mwenyewe, sikutaka kalamu ishikwe na mwingine. Wastani ulikuwa ratili mia moja na tatu.

"Mizani hii ina kasoro," nikasema.

"Sawa, tuipime," Annelle akasema.

Nikaenda kuleta gunia jipya la vidonge, lililoandikwa ratili hamsini, nikalitundika mbele ya watu wote. Mshale ukaenda hamsini ukasimama, wala haukutikisika.

"Basi mmechagua waliokonda," nikawaambia wageni.

"Mzee," mmoja wao akajibu kwa upole, "mimi nimepiga mkubwa kuliko wote niliowaona."

Annelle hakutabasamu, na afadhali angetabasamu. Alichukua kisu, akaingia ndani ya mbavu za yule mkubwa, akaniletea figo juu ya kiganja. Mwaka mzuri figo la kulungu huwezi kuliona, limezama kwenye mafuta meupe. Hili lilikuwa tupu, kama haragwe lililooshwa.

"Na wale watatu?"

"Wako hivyo hivyo. Matumboni wana vidonge vyako. Hawana kingine."

Alikuwa na haki ya kusema mengi. Alisimama tu na lile figo mkononi, akinisubiri. Nilitazama daftari, nikatazama mizani, nikatafuta ukurasa wowote kichwani mwangu ambao ungenisaidia. Nilisoma miaka minne usiku ili nisiwe mtu wa kuambiwa. Na sasa naambiwa na figo.

"Neno la mwisho ni lako," nikasema.

"Majike ishirini na wawili, kabla ya mwisho wa msimu. Kibali ninacho."

"Nani atawapiga? Hawa wanataka pembe."

Alinitazama.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye kibanda, na bunduki mahali pa darubini. Walikuja wanane kwenye pipa la mbegu za pamba. Yule wa sikio lililochanika alikuwamo. Nilijiambia huyo ni wa Odell, nikachagua mwingine, jike aliyekomaa, mwenye mbavu za kuhesabika. Katika miaka sitini na minne ya kuwinda sikuwahi kumwelekezea jike mtutu. Nilifyatua. Alikimbia hatua chache akaanguka, na wale saba wakatoweka.

Nikiwa peke yangu na moshi nilianza kumweleza baba yangu, kwa sauti, habari ya wastani na asilimia. Nilipofika kwenye jedwali la pili niliona aibu, nikanyamaza, nikashuka kwenda kumtoa matumbo. Mafigo yake yalikuwa matupu yote mawili.

Alhamisi nilikwenda dukani. Ningeweza kusubiri wiki, lakini vilima vyetu vina masikio.

"Jumanne nimesikia risasi kwako," Odell akasema, "na Houston walishaondoka."

"Nimepiga jike."

Kwenye magunia mzee mmoja aliweka kikombe chini.

"Baba yako angekuchapa," akasema Odell.

"Baba yangu alikuwa na kulungu saba."

Nilingoja kicheko. Nilikuwa nimejiandaa nacho tangu nyumbani, nilikuwa hata na majibu. Hakuna aliyecheka. Odell alikoroga kahawa ambayo haina sukari, akaikoroga tena, kisha akanisogelea, akashusha sauti ili wale wengine wasisikie.

"Miti yangu nayo imenyolewa, Hilmar. Siku nyingi. Nilidhani ni ukame. Sasa hawa wakirudi kwangu, nipunguze wangapi?"

Hesabu ilinijia ulimini hapo hapo, na desimali yake. Ilikuwa tamu kuliko mahindi. Nikaimeza.

"Muulize Annelle."

"Ina maana wewe hujui?"

"Mwenye neno ni yeye."

Alinitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekataa sigara. Kisha akaenda nyuma ya kaunta, akavua kofia, akapiga simu nyumbani kwangu. Nilibaki juu ya gunia na kikombe changu, nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, "ndiyo, binti yangu", "hapana, ekari mia tatu", nikiwa na majibu matatu kamili ambayo hakuna aliyeniuliza.