Mwanamke wa Redioni

Mwigizaji wa matangazo ya redio aliamka koo limemkauka, sauti haitoki, na tangazo la sabuni lenye mwanamke wa milimani lilitakiwa siku hiyohiyo. Maji yalipomfika shingoni, akamleta studioni mama yake, mzaliwa wa milimani. Si walitaka mtu wa milimani? Basi wakapewa mzimamzima.

Mama akasogelea maikrofoni, bintiye kando yake, akasema taratibu, maneno yamenyooka: "Wanangu, hii sabuni haina mchezo."

Nyuma ya kioo, mtayarishaji alikunja uso. "Hapana. Watu wa milimani hawaongei hivi. Mwonyeshe wewe, dada. Ile sauti yako ya siku zote, iliyovunja watu mbavu nchi nzima."

Mwigizaji alisita, akamtazama mama yake. Mama alijua tu kwamba bintiye husoma matangazo. Matangazo gani, hakuwahi kuambiwa.

"Fanya basi, tunachelewa!" mtayarishaji akahimiza.

Akafumba macho, akafanya. Kwa koo lile bovu akaburuza maneno, akaivunjavunja lugha, akaishangaa sabuni kama mtu asiyewahi kuoga tangu azaliwe. Mtayarishaji alicheka hadi akashikilia meza.

"Umesikia, mama? Hivyohivyo!"

Mama alivua hedifoni polepole, akaiweka mapajani.

"Naijua," alimwambia bintiye. "Nikipita sokoni, vijana hunizomea kwa sauti hiyohiyo. Miaka yote nimekuwa nikijipa moyo, mwanangu, kwamba huyo mwanamke wa redioni hana mama huko kwetu."