Daraja la Kubadilishia Nguo

Kila jioni, jua likianza kuzama, daraja la chuma la barabara ya Kigwa, nje kidogo ya Tabora, lilibonyea katikati kama kitanda cha kamba. Asubuhi lilikuwa limenyooka tena. Lilijengwa mwaka 1956 na kampuni ya mzungu mmoja, Bwana Kotreli, na mchoro ulikuwa wake mwenyewe. Aliyelaumiwa ni Raymundi.

Raymundi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Kampala na cheti cha uhandisi, na kampuni ilimchukua kwa majaribio. Bwana Kotreli akiridhika, angethibitishwa kuwa mhandisi. Asiporidhika, angerudi Puge kulima karanga na baba yake, cheti kikining'inia ukutani kando ya picha ya Bikira Maria.

"Vijana wa siku hizi mnajua kufaulu mitihani tu," Bwana Kotreli alimwambia. "Kazi hamuijui. Ninyooshee hilo daraja."

Jioni hiyo Raymundi akaenda kulitazama. Wapagazi wakatokea mashariki, wale waliokufa tangu enzi za misafara. Mbele alikuwa kirangozi, kiongozi wa msafara wao, na ngoma, na nyuma yake watu, watu, watu, mpaka macho yakachoka, marobota ya nguo za pwani mabegani, njuga zikilia, na vumbi halitimki. Raymundi akavua kofia. Hakuogopa. Alijiona mdogo tu, na moyo ukamjaa.

Katikati ya daraja wakasimama wote, wakatua mizigo, wakaanza kuvaa majoho mekundu na manyoya. Hakuna mpagazi wa Kinyamwezi aliyekubali kuingia Tabora na matambara ya njiani, na mahali pao pa kubadilishia nguo palikuwa hapo tangu zamani. Daraja ndilo lililowakuta.

Raymundi akamwona babu yake, Mahona, akamtambua kwa sugu ya begani aliyosimuliwa tangu utotoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Daraja ni lako?"

"La Bwana. Mimi bado niko kwenye majaribio."

"Linayumba mno. Mtu akivaa joho anapepesuka, aibu tupu."

Raymundi akamuuliza uzito wa mizigo yao, akapiga hesabu, na kesho yake akampelekea Bwana Kotreli. Bwana Kotreli alikuwa akipishana na wapagazi hao kila jioni akienda kilabuni. Akasema hawamo kwenye mchoro.

"Lakini wamo darajani, Bwana."

"Basi ongeza chuma, usinipotezee muda."

Raymundi akaongeza nguzo katikati, akapanua ukingo mmoja ili marobota yapate pa kuegemea. Kazi ilipokwisha, msafara ukaja, ukatua, na daraja halikutikisika hata kidogo. Watu walivaa kwa nafasi, wakafungana manyoya, wakacheka. Kirangozi akaigonga nguzo kwa fimbo yake, akasikiliza, akasema, "Hapa pamepata fundi." Raymundi alilia bila kujificha.

Bwana Kotreli naye alikuja, akapita kati ya wapagazi akiomba njia, akachuchumaa kutazama boriti.

"Imara kabisa," alisema. "Kesho pigilia hapa kibao cha shaba chenye jina langu."

"Na mimi, Bwana? Umeridhika?"

"Na daraja, sana. Wewe huna uzoefu bado. Tuongeze mwaka mwingine wa majaribio. Haya, beba hiyo darubini ya kupimia, uniletee mjini."

Akapanda gari lake, akaondoka. Raymundi akaliinua sanduku la darubini, akaliweka begani. Lilikuwa zito. Msafara ulikuwa umeanza kujipanga, na Mahona, alipomwona na mzigo, akasogea mbele kidogo. Aliyemfuata akasubiri, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Raymundi akaingia.

"Litue kwanza," babu akamwambia, akimnyooshea joho jekundu. "Mjini hatuingii hivyo."

Raymundi akalitua sanduku, akavaa, akalibeba tena.