Ndege wa Kwenye Antena

Katika chumba cha mawasiliano cha kamandi ya uokoaji walimwita Mama Kituo, si kwa umri, bali kwa sababu kila redio ya askari ilipoita, yeye ndiye aliyeitikia. Mumewe, sajini, alikuwa juu ya kilima cha mbali akilinda mnara uliobeba mawasiliano hayo yote. Simu hazikushika huko, na likizo zilifungwa tangu mafuriko yaanze. Kwa kifupi, ndoa yao ilikuwa inaishi kwenye redio.

Na redio ilikuwa inawatosha. Kila asubuhi kila kituo kilipaswa kutoa ripoti, na sajini, mtu asiyejua kusema neno moja penye nafasi ya kumi, alitoa yake hivi: "Mama Kituo, hapa Kilimani. Mnara mzima, betri zimejaa. Kuna ndege amekaa kwenye antena anaimba vibaya, kama mtu fulani wa jikoni kwangu." Naye Mama Kituo, ambaye kweli akiimba majirani hufunga madirisha, alijibu kwa sauti ya kazi: "Nimepokea, Kilimani. Mvumilie huyo ndege." Siku yake ikawa imenyooka.

Kisha ikaletwa mashine ya akili mnemba. Tusiisingizie, ilikuwa na maana. Siku ya dhoruba redio zote huropoka kwa pamoja, huyu analia, yule anatukana, na kamanda hajui ashike lipi aache lipi. Mashine iliwasikiliza wote, ikachuja, ikasoma kwa sauti tulivu yale ya lazima tu. Juma lake la kwanza iliokoa abiria wa basi lililonasa mtoni, kwa kuidaka sauti moja dhaifu ambayo sikio la mtu lisingeisikia.

Lakini mashine haizaliwi na akili, hufundishwa. Na mwalimu alikuwa Mama Kituo mwenyewe. Walimkalisha mbele ya kioo cha mashine asikilize sauti za zamani na kubonyeza moja kati ya mawili: "muhimu" au "kelele". Wenzake walikuwa wamemzunguka. Ilipofika zamu ya sajini na ndege wake, wakaangua kicheko.

"Haya dada, na huyu ndege naye ni muhimu kwa taifa?"

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akabonyeza "kelele". Akabonyeza tena kwa iliyofuata, na kwa iliyofuata, mradi tu wanyamaze. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tangu hapo asubuhi zikawa hivi: "Kilimani: salama." Basi. Tena kwa sauti ya mashine, isiyokohoa wala kucheka. Mama Kituo alikuwa na hamu ya mumewe mpaka hamu ikageuka maumivu. Nyumbani alizipanga ndoo upya, akazipangua. Aliimba jikoni kwa makusudi, akanyamaza katikati ya wimbo, maana hakukuwa na wa kumkataza. Faraja yake ilikuwa moja: "Angalau yeye ananisikia." Maana kila siku alijibu vilevile, "Nimepokea, Kilimani. Na ndege hajambo?"

Asubuhi moja mashine ikasoma: "Kilimani: salama. Anaomba kuongezewa mwaka mmoja wa ulinzi. Sababu: hakuna."

Mama Kituo alihisi kiti kinamkimbia. Akamwendea fundi wa mashine.

"Kaka, sauti zenyewe si hukaa humo siku nzima kabla hazijafutwa? Nisikilizishe ya Kilimani."

Fundi akamvalisha vifaa vya masikioni. Ikaja sauti ya sajini, na kikohozi chake juu.

"Mama Kituo, hapa Kilimani. Mnara mzima. Naomba niongezewe mwaka. Huyu ndege nimekuelezea mpaka amehama, na wewe kila siku 'imepokelewa' tu. Kama huko chini hakuna anayeningoja, bora nilinde mnara. Kama yupo, aseme hata neno moja la kipuuzi."

"Lakini mimi namjibu kila siku!"

"Unamjibu, dada, lakini mashine inachuja pande zote mbili," fundi akasema, macho chini. "Uliifundisha vizuri mno."

Meja, kamanda wao, mwanamke waliyemwita Kufuli akiwa hayupo, alikuwa mezani kwake akisaini maombi, na la sajini lilikuwa chini ya kalamu. Mama Kituo akasimama katikati ya chumba.

"Afande, naomba mashine isichuje chaneli ya Kilimani. Dakika moja tu."

"Kuna dharura gani?"

Aliyajua maneno yote ambayo mashine haithubutu kuyakata: moto, majeruhi, hatari. Angeweza kudanganya. Lakini anayepiga yowe la uongo kwenye redio ya kamandi huua watu, na hilo alilijua pia.

"Hakuna dharura, afande. Ni mume wangu. Nina hamu naye, na yeye hajui. Nataka kumwambia upuuzi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Meja akaitazama ile karatasi, akaweka kalamu chini.

"Fundi, mfungulie. Na mimi nitasikiliza."

Mama Kituo alishika kipaza sauti, na maneno yote aliyoyapanga yakamruka. Basi akaimba. Mbele ya meja, mbele ya wenzake, aliuimba wimbo wake wa jikoni, vibaya, mpaka mwisho. Vicheko vikapasuka nyuma yake. Aibu ikampanda masikioni kama siku ile, na safari hii akaiacha ikae.

Mkwaruzo wa redio tu. Kisha:

"Mama Kituo." Ilikuwa sauti ya sajini mwenyewe, imekauka. "Huyo ndege kumbe yuko huko. Mwambieni asiongeze hata ubeti. Njia ikifunguliwa nashuka kumnyamazisha mwenyewe."

Meja akafunika kalamu yake. Na kwenye kioo, mashine, iliyokatazwa kuchuja lakini haikukatazwa kuandika, ikatoa muhtasari wake:

"Kilimani: salama. Anafuta ombi. Sababu: ndege."